Masomo ya chuo gerezani: anzeni na askari wa lango kabla ya vitabu

Mleta uzi anasema chuo chao kimeombwa kupeleka masomo ya diploma katika gereza la kaunti yao. Anauliza waanzie wapi, na awajibu vipi wenzake wanaosema ni dhuluma kumsomesha mfungwa ilhali mtoto wa jirani amekaa nyumbani kwa kukosa karo. Nimefundisha uhasibu kwa kujitolea katika gereza moja la wanaume huku Bonde la Ufa kwa miaka 6, Jumanne na Alhamisi, ukitoa kipindi cha korona tulipofungiwa nje. Nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifika na katoni ya vitini 18. Nilikuwa nimevitoa kopi kwa pesa zangu na kuvibana kwa waya mjini, nikijivunia jinsi vilivyopendeza. Askari wa lango akavifungua kimoja kimoja, akang'oa waya, akang'oa na pini za stepla, akanirudishia rundo la karatasi. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja. Kipindi changu kilikuwa cha saa 2, na wafungwa hufungiwa mabwenini jioni mapema sana, kwa hiyo nilifundisha dakika 20 tu, kurasa zikipeperuka sakafuni. Nilirudi nyumbani nimekasirika.

Alhamisi nilivikuta vitini vyote juu ya meza vimeshonwa. Mmoja wa wanafunzi alikuwa akifanya kazi katika karakana ya ushonaji, akaomba ruhusa, akavishona kwa uzi ule ule wa sare, mshono wa mkono, matundu sawasawa kana kwamba amepima kwa rula. Kimoja ninacho mpaka leo. Tangu siku hiyo sikubeba tena kitu chenye chuma.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba yule askari hakuwa adui wa masomo. Waya ukitumika vibaya bwenini, anayeulizwa ni yeye. Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia: yeye mwenyewe alikuwa na cheti cha kidato cha nne, alitamani diploma miaka mingi, na sasa anamfungulia mlango mwalimu anayekwenda kuwafundisha bure watu anaowalinda. Jiweke katika nafasi yake. Mwaka wa pili tulimwomba mkuu wa gereza askari nao waruhusiwe kujiunga. Wakaja 4, wakakaa benchi moja na wafungwa, wakafeli zoezi lile lile la mizania (hesabu ya mali na madeni) na kulirudia pamoja. Kuanzia hapo lango likabadilika. Afande wa zamu alijua Jumanne kuna jaribio kwa sababu na yeye alikuwa analifanya, kwa hiyo hesabu ya wafungwa ilipigwa mapema na chumba kikafunguliwa kwa wakati.

Sisi hatukulibuni hilo. Shahada ya sheria ya University of London, inayosomwa kwa masafa, imesomwa na wafungwa pamoja na maafisa wa magereza Kenya na Uganda, kupitia shirika lililokuwa likiitwa African Prisons Project, ambalo siku hizi ni Justice Defenders. Gereza la Kamiti, Nairobi, limetoa wahitimu. Kule Luzira, gereza la Kampala, Susan Kigula alisoma sheria akiwa mfungwa, baada ya kuhukumiwa kifo. Ni yule ambaye jina lake limo katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 na kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Aliachiliwa mwaka 2016.

Hapo ndipo ninapotaka kumjibu anayesema dhuluma. Kwetu Kenya, mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na serikali. Wa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo adhabu yake katika sheria ni kifo, mara nyingi amesimama peke yake mbele ya hakimu, katika lugha ya korti asiyoielewa vizuri. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu yetu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Magereza yote yalijaa matumaini, na watu wa wizi wa mabavu nao wakaandika maombi ya kuhukumiwa upya. Julai 2021 mahakama ile ile ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake.

Niliporudi baada ya korona nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa alikuwa anasoma sheria, amekaa na mzee mmoja nje ya chumba chetu. Mzee alikuwa na kesi ya wizi wa mabavu. Kijana alikuwa na nakala ya ufafanuzi ule, anasoma mstari, anautafsiri kwa Kiswahili, anasubiri mzee aitikie kwa kichwa, ndipo anaendelea. Walipomaliza mzee alinyamaza muda mrefu. Kijana akamwambia, "Mzee, hawajasema kesi yako imekufa. Wamesema karatasi tuliyoandika haikufai. Tutaandika nyingine." Mzee akauliza, "Lini?" Akajibiwa, "Leo, kabla hatujafungiwa."

Kwa hiyo mtu mmoja akisoma sheria mle ndani, bweni zima linapata wa kumuuliza. Hata uhasibu wangu ulifanya kazi hiyo kwa kiasi chake: wafungwa wapya walikuwa wakiwatafuta wanafunzi wangu wawaandikie barua za mikopo na mashamba waliyoyaacha nje. Mtoto wa jirani ana haki ya karo, na nitampigania popote nitakaposikilizwa. Ninaye mdogo wangu aliyeacha chuo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini benchi letu halikuchukua senti ya karo yake. Vitabu vilikuwa vya watu waliomaliza kuvitumia na walimu tulikuwa wa kujitolea. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba kusoma kunafuta alichomtendea mtu, na wenyewe hawakuniambia hivyo.

Sasa ya kupanga. Kosa letu kubwa lilikuwa kuandikisha kila aliyenyoosha mkono. Kwa makosa mengi mfungwa mwenye mwenendo mzuri husamehewa theluthi ya kifungo, kwa hiyo wa miaka 3 hukaa 2. Diploma ya miaka 2 ukiianza amebakiza miezi 14, atatoka katikati, na nje hakuna atakayemshika mkono. Gawanyeni kozi katika vipande vya miezi michache, kila kipande kiwe na cheti chake, na chuo kikubali kumpokea aendelee akitoka. Cheti kiandikwe jina la chuo tu, kama cha mwanafunzi mwingine yeyote. Gereza lisitajwe hata kwa anwani.

Uhamisho ndio unaoumiza zaidi. Mwanafunzi wetu bora, niliyemtegemea awafundishe wenzake, alihamishwa wiki 2 kabla ya mtihani, na kule alikopelekwa hapakuwa na kituo cha mtihani huo. Alikuwa amejiandaa kwa mwaka mzima, akisoma chini ya balbu ya bwenini ambayo haizimwi usiku, wanapokezana kukaa pale mwanga unapofika vizuri. Hakufanya. Andikieni ofisi husika mapema, mpate ahadi ya maandishi kwamba aliyesajiliwa hahamishwi mpaka amalize, isipokuwa kwa sababu za usalama. Ahadi ya mdomo huondoka na mkuu wa gereza anapohamishwa na yeye.

Msiruke hatua ya sekondari. Wengi wanaotamani chuo hawana kidato cha nne, na magereza kadhaa tayari ni vituo vya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Chagueni pia masomo ambayo mtu anaweza kujiajiri nayo, maana akitoka, mwajiri atamwomba cheti cha tabia njema cha polisi kabla hajamuuliza alisoma nini.

Wiki ya kwanza msipeleke kitini chochote. Nendeni mkakae na maafande wa zamu zote mbili, muwaulize nani anaweka ufunguo wa chumba cha masomo siku ambayo mwenye nao hayuko kazini, na wangapi kati yao wangependa kuandikishwa.