Siafu Wakiingia Ndani, Mtoe Kwanza Asiyeweza Kutembea

Masika moja, nilipokuwa nikiishi kwa shangazi yangu huko Muheza, niliamshwa usiku wa manane na kelele za kuku bandani, na nilipoteremsha mguu sakafuni nikaukanyaga msafara wa siafu uliokuwa umekwisha kupita chini ya mlango na kuanza kupanda ukutani. Nilikimbilia dumu la mafuta ya taa. Shangazi hakujishughulisha na siafu hata kidogo, alikwenda moja kwa moja kitandani alikolala mjukuu wake wa miezi miwili, akamtoa nje, akamvua nguo zote na kuzikung'uta moja moja kwenye mwanga wa taa, ndipo akanigeukia: "Mwanangu, siafu huwamalizi. Mtoe asiyeweza kutembea."

Tangu usiku ule, nikiulizwa kama chungu ni hatari kwa binadamu, huuliza kwanza ni chungu yupi na anamuuma nani. Sisimizi wa kwenye kopo la sukari ni wa kufunikia chakula tu. Siafu naye, mtu mzima mwenye afya humkwepa bila taabu, kwa kuwa msafara wake huenda polepole kuliko hatua za mtu. Anayedhurika ni mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani, mlevi aliyelala kando ya njia, na mnyama aliyefungwa kamba au kufungiwa. Asubuhi ile tulimkuta tetea aliyekuwa akiatamia amekufa juu ya mayai yake, kwa sababu banda tulilifunga kwa nje sisi wenyewe.

Siafu humuuma mtu kwa taya, na ukimvuta kwa pupa kiwiliwili hukatika, kichwa kikabaki kimeng'ang'ania ngozi. Mshike kwa kucha au kibanio karibu kabisa na kichwa, umtoe, kisha uende kwa mwingine; na kwa kuwa hupenda kujificha kwenye mapindo ya nguo, ni heri kuvua kuliko kuona haya. Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, na usijikune, maana kidonda kikubwa mara nyingi huletwa na kucha chafu. Mafuta ya taa yasipakwe kwenye ngozi, hasa ya mtoto, wala yasimwagwe na kuwashwa moto karibu na nyumba.

Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya miembe na michungwa kuwa viota, wana hila nyingine: humng'ata mtu kisha hunyunyizia tindikali palepale alipong'atwa, na ndiyo sababu ya jina lao. Tindikali hiyo ikiingia jichoni, usilifikiche. Lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hivi, na jicho likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda hospitali.

Uvimbe mdogo, wekundu na mwasho hupungua vyenyewe kwa siku chache, na vidonge vya mzio vya duka la dawa husaidia. Lakini mtu aliyeumwa na chungu, hasa wale weusi wenye mwiba, akianza kuvimba midomo au ulimi, kukoroma anapovuta pumzi, kutapika, kusikia kizunguzungu au kutoka vipele mwili mzima, msimngojee apoe wala msimpe dawa za kienyeji. Huo ni mzio mkali unaoweza kuua kwa dakika chache, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Mlazeni, na kama anahema kwa shida mwacheni akae, huku usafiri wa kumpeleka hospitali ukitafutwa.

Usiku ule mafuta yangu ya taa hayakutumika. Shangazi alimwaga majivu ya jikoni mbele ya chumba tulichohamishia magodoro, akawaachia siafu nyumba iliyobaki. Kulipopambazuka walikuwa wamekwisha kwenda zao, na kwa majuma kadhaa hatukuona mende hata mmoja jikoni.