Jibu: ESP32 inagoma tangi likijaa

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Langoni. Umeuliza kwa nini bodi yako ya ESP32-WROOM-32 (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) hupokea programu vizuri tangi likiwa tupu, likijaa inagoma. Swichi ya boya inayopima maji ya tangi umeipeleka GPIO12, pini namba 12 ya bodi, na pini hiyo chipu huisoma mara tu inapowaka. Ikiikuta na umeme, huipa flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) volti 1.8 badala ya 3.3, basi flashi haisomeki. Fungua monita ya seriali (dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa bodi) kwa kasi ya 115200, bonyeza EN, kitufe cha kuwasha upya, utaona "flash read err, 1000" ikijirudia.

Hamishia swichi GPIO27, ubadilishe na namba ya pini kwenye programu. Aliyekushauri uchome efyuzi (fyuzi ndogo ndani ya chipu, ya kuilazimisha itoe volti 3.3), usimfuate; ikishachomwa hairudi. Na kwa hewa yetu ya chumvi, pini zikiota kutu ya kijani zisugue kwa spiriti.