Noti nane, nasikia moja tu

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Niko Masasi, nataka kutengeneza kengele ya mvua maana tukianika korosho uani tukiwa jikoni hatujui saa ngapi imeanza kudondoka. Sensa inasoma vizuri. Shida ni mlio, nimetoa kaspika kwenye redio iliyokufa, kameandikwa omu 8, waya mmoja pini ya 8 ya Arduino Uno (kale kakompyuta kadogo ka kuprogramu) mwingine graundi, nikaandika mistari nane ya tone (amri ya kupiga noti) kuanzia do mpaka do ya juu, kila noti milisekunde 500, lakini kanalia mara moja tu noti ya mwisho halafu kimya. Spika mbovu au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Spika nzima, ingekuwa mbovu hata hiyo moja usingeisikia. Ila kabla ya yote chomoa huo waya, tafadhali, volti 5 gawanya kwa omu 8 ni zaidi ya miliampia 600 na pini ya Uno mwisho wake kabisa ni 40, ikiungua ndo basi tena. Weka rizista ya omu 330 katikati, umeme unashuka mpaka kama 15. Sauti itakuwa ndogo, ya kujaribia tu, kengele yenyewe itataka transista ya kukuza umeme.

Sasa kwenye kodi, yaani hiyo mistari ya programu. Tone haisubiri noti iishe! Inaiambia taima ya ndani ianze kupiga, halafu programu inaruka mstari unaofuata hapohapo, na pini ni moja kwahiyo noti mpya inaifuta ya zamani, yote nane yanapita kabla hata do haijatikisa spika mara moja. Kwahiyo kila baada ya tone(8, 262, 500), yaani pini, mitetemo kwa sekunde na muda, weka delay(600), yaani subiri milisekunde 600, zile 100 za ziada ni ukimya wa kutenganisha noti, bila huo noti mbili zinazofanana zinasikika kama moja ndefu. Zinazofuata ni 294, 330, 349, 392, 440, 494, 523.

Wakati wa delay sensa haisomwi, ila kwa kengele ya mvua hizo kama sekunde 5 za noti zote nane hazina neno.

Halafu mi ningepandisha noti zote, zidisha kila namba mara mbili unapata do re mi ileile oktavu ya juu, maana vispika vya redio sauti nzito haviziwezi na mvua ikishaanza kugonga bati hiyo 262 hamtaisikia.