Simu nimeizima sauti, mbona nikisoma sishiki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Morogoro. Kila usiku nasomea kwenye simu, kwa sababu notsi na mitihani ya miaka iliyopita viko kwenye grupu letu la WhatsApp. Sauti naizima na wala sichati. Lakini asubuhi nikiulizwa nilichosoma, nakumbuka vipande tu. Ni simu, au kichwa changu ndicho kizito?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kichwa chako hakina kosa, na simu usiitupe, maana hizo notsi unazihitaji. Shida ni kwamba umeipa simu hiyohiyo kazi mbili zinazogombana: ndiyo daftari lako, na ndipo marafiki zako wanapokupata.

Chukua swali la kemia. Ukichoma gramu 10 za kalsiamu kabonati, utapata gramu ngapi za kabonidioksaidi? Umeandika mlinganyo, umegawa 10 kwa 100 (gramu za moli moja ya kalsiamu kabonati) ukapata moli 0.1, umeona uwiano ni 1:1, imebaki kuzidisha kwa 44 (gramu za moli moja ya kabonidioksaidi) upate gramu 4.4. Hatua hizo unazishika kichwani kwa muda, na nafasi hiyo ni finyu. Wanasaikolojia wengi wanakadiria inabeba mambo kama manne tu kwa mara moja. Hapo inashuka meseji juu ya skrini. Hujaifungua, lakini jina la aliyeituma umeliona, umejiuliza anataka nini, na ile 0.1 imeshapotea. Unaanza swali upya. Sauti uliizima, ndiyo, ila macho yako bado yako kwenye skrini.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State waliwapa wanafunzi zoezi la umakini. Waliopigiwa simu au kutumiwa meseji katikati ya zoezi walikosea zaidi, ingawa hawakuzigusa simu zao. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2017, ulidai hata simu iliyofunikwa tu mezani inapunguza uwezo wa kufikiri. Huo usiutegemee sana, kwani waliourudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni, kabla ya kukaa kusoma, pakua faili za usiku huo, kisha weka hali ya ndege. Faili iliyokwisha kupakuliwa inafunguka bila bando. Kwa mtihani uliopita, nakili maswali matano kwenye daftari, halafu simu ipeleke chumba kingine, au mpe mama akushikie. Majibu utayahakiki baadaye.

Kuna sababu ya pili, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Unasoma kwa kupitisha macho. Kwenye simu ni rahisi mno kuteremsha kurasa, na kila unapolipitia tena jambo linaonekana unalijua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari na wale walioisoma kisha wakajaribu kuiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojikumbusha ndio waliobaki na mengi. Mtihani wako wa Novemba hautakuuliza baada ya dakika tano! Basi kila ukimaliza mada, funga kila kitu, andika unachokumbuka hata kama ni kidogo na kina makosa, ndipo ufungue ulinganishe. Kesho yake, kabla ya mada mpya, jiulize ya jana.

Na usikeshe. Ubongo unaimarisha kumbukumbu za mchana wakati umelala.

Ukifuata haya kwa wiki mbili tatu bado hushiki, au maandishi madogo ya simu yanakuuma kichwa na mistari inacheza, mwambie mzazi akupeleke ukapimwe macho.