Sumu ya mwani wa baharini: nani hasa anaichoma seli?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimesoma sumu za mwani wa baharini zinaleta msongo wa oksidesheni kwenye seli zetu. Ina maana sumu yenyewe inaunguza kama tindikali? Na mtu akiwahi vitamini C anakuwa salama?

JIBU: Salama ndugu. Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Nyingi ya hizi sumu hazichomi kitu zenyewe, zinaichokoza seli mpaka ijichome kwa chembe kali za oksijeni, yaani radikali, na huo ndo msongo wa oksidesheni.

Chukua asidi ya domoiki. Inatengenezwa na vijimwani vya jamii ya Pseudo-nitzschia, kome wanavichuja majini wanabaki na sumu, mtu anakuja kula kome. Kanada mwaka 1987 watu zaidi ya 100 waliugua hivo, wengine kumbukumbu zikapotea. Sasa domoiki imefanana na glutameti, ile kemikali seli za ubongo zinatumia kupeana taarifa, kwa hiyo inakalia vipokezi vyake, milango inabaki wazi na kalsiamu inamiminika ndani. Ikizidi inaingia mitokondria, na mitokondria ndo jiko la seli, likishavurugika elektroni zinavuja zinadakwa na oksijeni, inazaliwa supaoksaidi, hiyo nayo inageuzwa haidrojeni peroksaidi, na peroksaidi ikikutana na madini ya chuma ndo balaa lenyewe, inatoka radikali ya haidroksili inayotafuna mafuta ya utando, protini, hadi DNA.

Maabara unaiona kabisa. Unazilisha seli rangi inayowaka kijani ikiguswa na radikali, unadondosha domoiki, sahani inaanza kung'aa. Ukiziba vipokezi kabla, kijani kinafifia sana. Mkosaji unamjua hapo hapo.

Sumu nyingine zina mlango wao. Asidi ya okadaiki, ile ya kuharisha, inazuia vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti kwenye protini, na fosfeti ndo swichi ya protini, kwa hiyo swichi zinagoma kuzima na seli inayumba, radikali zinakuja baadaye.

Kuhusu vitamini C: mlinzi mkubwa ndani ya seli ni glutathaioni, na seli zenye glutathaioni kidogo ndo zinakufa haraka kwa domoiki. Lakini kidonge hakifungi ule mlango wa kalsiamu, kwa hiyo usikitegemee kama dawa ya sumu. Kupika pia bure, domoiki inavumilia moto. Mtu amekula kome halafu anatapika au anachanganyikiwa, hospitali moja kwa moja, na mwambieni daktari amekula nini na saa ngapi.