Mwalimu, inchi hazitibu macho

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari huko Kasulu. Ana miaka 47, simu yake ya sasa ni ya inchi 6.1 na anasoma kwa shida, hasa mitihani na notisi za PDF wanazotumiana kwenye grupu la walimu. Kwa hela aliyonayo kapewa simu mbili achague, moja ya inchi 6.3 yenye skrini ya AMOLED ya full HD, nyingine ya inchi 6.8 yenye LCD ya HD ya kawaida, na muuzaji anamwambia achukue hiyo ya 6.8 kwasababu kwenye skrini kubwa maandishi yanakuwa makubwa yenyewe na macho yanapumzika. Anauliza kama ni kweli, na kama simu kubwa haitamtesa kwenye chaji.

Shikamoo mwalimu. Sio kweli, na naomba nianzie hapo hapo kwasababu hilo neno la "inchi kubwa maandishi makubwa" nakutana nalo hapa mezani kwangu Mwanga, Kigoma, kila kukicha, mtu kauza simu yake nzima kabisa kwa bei ya kutupa, kaongeza hela, kanunua libamba la simu, halafu anarudi kulalamika kwamba bado anasogeza simu mbali na uso ndo asome. Atasomaje wakati herufi hazijakua? Android haipangi maandishi kwa kuangalia ukubwa wa skrini, inapanga kwa kipimo ambacho kinajaribu kufanya herufi itoke karibu saizi ile ile kwenye simu yoyote, iwe ndogo iwe kubwa. Watengenezaji wengine wanakichezea kidogo hicho kipimo ila sio kwa kiasi cha kukuokoa. Skrini ikikua unachoongezewa ni nafasi, meseji mbili tatu zaidi zinaingia kwa mpigo, basi, herufi yenyewe iko pale pale.

Halafu hiyo namba ya inchi watu hawaielewi na wauzaji hawataki waielewe. Inchi za simu zinapimwa mshazari, kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili, na kwa miaka hii simu zimerefuka, hazijapanuka. Zamani skrini nyingi zilikuwa za uwiano wa urefu kwa upana wa 16 kwa 9, siku hizi nyingi ni 20 kwa 9, nyembamba ndefu. Sasa piga hesabu uone. Simu ya zamani ya inchi 5.5 ya 16 kwa 9 ina upana wa skrini wa sentimita 6.85. Simu ya sasa ya inchi 6.5 ya 20 kwa 9 ina upana wa sentimita 6.78. Yaani kwenye boksi imeongezeka inchi moja nzima na upana umepungua! Na mstari wa maandishi unalala kwenye upana, haulali kwenye mshazari.

Tuje kwenye zako. Kama zote mbili ni 20 kwa 9, ya 6.3 ina upana wa sentimita 6.57 na ya 6.8 ina 7.09. Tofauti ni nusu sentimita. Chukua rula hapo staff room uitazame hiyo nusu sentimita, maana ndo kitu chote unachouziwa kama dawa ya macho.

Na kwenye PDF ndo kabisa. Mtihani umechapwa kwenye karatasi ya A4 yenye upana wa sentimita 21, ukiufungua kwenye simu ukurasa mzima unabanwa uenee kwenye upana wa skrini, hauulizi setingi zako za fonti wala nini. Kwahiyo maandishi yaliyochapwa saizi 12 kwenye simu ya 6.3 yanaonekana kama saizi 3.8, kwenye ya 6.8 yanakuwa kama saizi 4. Hakuna mtu wa miaka 47 anayesoma saizi 4, na hata mimi macho yangu mazima sisomi. Ila ukiilaza simu yoyote kati ya hizo mbili, ukurasa unapata sentimita 14 na nusu hadi 15 na kitu za upana na maandishi yanaruka mpaka saizi 8 au 9, hapo sasa unasoma, na haujatoa hata shilingi. Zima ule ufungo unaozuia skrini kuzunguka, laza simu, shuka na mistari. Kama kazi yako kubwa ni PDF asubuhi mpaka jioni basi hilo sio swali la simu tena, tafuta tableti ya inchi 10 hata iliyotumika, usimamishe wima upate saizi karibu 8 bila kuhangaika.

Lakini mwalimu, kabla ya simu kuna macho. Mi ni fundi simu sio daktari, ila kinachokupata karibu kila mtu kinampata akishavuka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho inapunguza kunyumbuka na vitu vya karibu vinaanza kufifia, ndo maana unajikuta unanyoosha mkono kusoma. Hicho kinatibiwa na miwani ya kusomea baada ya kupimwa, ukija Kigoma pita hospitali ya Maweni wakupime, au hospitali yoyote ya huko kwenu yenye mtu wa macho. Ukiwa na miwani sahihi hata hiyo simu yako ya 6.1 unaweza kuona haina kosa.

Wakati unasubiri, ingia setingi, upande wa displei, kuna saizi ya fonti na kuna saizi ya displei, ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanagusa kimoja tu. Fonti inakuza maandishi peke yake, displei inakuza na vitufe na picha za programu. Panda hatua moja moja kwa vyote viwili, uwashe na herufi nzito kama simu yako inayo. WhatsApp nayo ina saizi yake ndani ya setingi zake za chati, iweke kubwa. Fanya hivyo leo kwenye hiyo simu ya 6.1 kabla hujatoa hela, maana wengi nikiwafanyia hivi wanaghairi kununua.

Sasa nikwambie na upande wa haki wa simu kubwa, maana haina tatizo kama umeinunua kwa sababu yake. Ukishakuza fonti, maneno machache yanaingia kwenye mstari na skrini nyembamba inakatakata sentensi, hapo zile milimita za ziada zinasaidia kidogo. Video zinapendeza zaidi. Kibodi inakuwa na vitufe vipana kwa mwenye vidole vinene. Basi. Mengine yote unayoambiwa dukani yaulize mara mbili.

La chaji kwa mfano. Skrini ni mlaji mkubwa wa betri, na skrini ya 6.8 ina eneo kama asilimia 16 zaidi ya ile ya 6.3 linalotakiwa kuwashwa. LCD nayo inawasha taa ya nyuma muda wote, hata ukiwa unaangalia ukurasa mweusi ile taa inawaka, wakati AMOLED kila nukta ndogo inayounda picha inajiwashia yenyewe na palipo peusi pamezima kweli. Ila simu kubwa ina nafasi ya betri kubwa, na HD ina nukta chache kwahiyo prosesa haihangaiki sana. Kwahiyo usihukumu chaji kwa inchi, angalia betri ya kila moja ni mAh ngapi, ndo kipimo cha uwezo wa betri, zikiwa zote ni 5000 basi ndogo ndo inaelekea kukaa zaidi, hasa ukitumia mandhari nyeusi.

Ubora wa maandishi wenyewe, hapa ndo muuzaji wako kakunyima habari kubwa kuliko zote. HD ya kawaida ni nukta 720 kwa 1600, ukizitandaza kwenye inchi 6.8 unapata nukta kama 258 kwa kila inchi. Full HD ya 1080 kwa 2400 kwenye inchi 6.3 inakupa kama 418. Kwa video ya kuchekea huwezi kujali, ila kwa PDF iliyobanwa hadi saizi 4 au 8 tofauti unaiona, zile alama ndogo za hesabu, kipeo cha pili na kipeo cha tatu, kwenye skrini yenye nukta chache vinakuwa madoa yanayofanana. Mwalimu hawezi kukisia kipeo. Muuzaji kachukua skrini yenye nukta chache, kaitanua, halafu anakuuzia kama nafuu ya macho.

Na jua. Hapa Kigoma wanaojua hili ni kina mama wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, jua la mchana linapiga kwenye maji linarudi usoni, mtu anataka kuhakikisha meseji ya muamala imeingia kabla hajaachia gunia na skrini iko kama imezima. Ukubwa hauwasaidii kitu, kinachosaidia ni mwanga wa skrini, unaopimwa kwa niti. Kwahiyo simu zote mbili zitoe nje ya duka, mwanga juu kabisa, uone ipi inasomeka.

Mkono nao. Simu za karibu inchi 7 mara nyingi zinavuka gramu 200, kidole gumba hakifiki kona ya juu, mtu anaipigisha sarakasi mkononi kufikia kitufe na ndo zinapoangukia. Vioo vingi navyobadilisha ni vya simu zilizomshinda mwenyewe mkono. Na kwenye basi la Kasulu ukiingiza namba ya siri ya hela kwenye skrini kubwa, wa pembeni anasoma na wewe.

Kwahiyo kwa matumizi yako chukua ya 6.3, kwa sharti moja, kwamba uiwekee kava nzuri na protekta siku hiyo hiyo. AMOLED ikipasuka ni ghali, kioo orijino kinaweza kukaribia nusu ya bei ya simu, na huku kwetu kuna mafundi watakwambia wana cha bei rahisi. Hicho cha bei rahisi mara nyingi ni LCD ya kopi imefungwa mahali pa AMOLED, utaijua nyeusi imekuwa kijivu, chaji inakimbia, na kama simu yako ilikuwa na alama ya kidole ndani ya kioo haifanyi kazi tena. Fundi akikufungia hicho bila kukwambia kakuibia, simpi jina lingine.

Na wezi wa aina hiyo wanaishi kwenye hofu ya macho, ndo kinachonikera. Kuna wanaouza kile kioo cha plastiki cha kusimamisha mbele ya simu, eti kinageuza simu kuwa tivii, kinavuta picha ile ile na kuififisha, nukta haziongezeki hata moja. Kuna protekta za rangi ya bluu wanazouza kwa bei mara mbili kwamba zinazuia mwanga wa kuua macho. American Academy of Ophthalmology, ambao ndo chama cha madaktari wa macho Marekani, wanasema wazi hakuna ushahidi kwamba mwanga wa bluu wa skrini unaharibu macho. Macho yanachoka kwasababu tukikodolea skrini tunasahau kupepesa, na wanachoshauri ni cha bure, kila dakika 20 inua uso uangalie kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Wabaya zaidi ni wa simu zenye stika ya "inchi 7.3, RAM 16" kwa bei ya simu ya kawaida, umbo la simu ya gharama, jina la gharama. Hizi wanaziuza kwa watu wazima hasa, kwasababu wanajua mtu mwenye shida ya kusoma akiona namba kubwa ya skrini haulizi lingine. Moja ililetwa hapa imeandikwa 7.3, nikaipima kwa rula mshazari ikatoka sentimita 16 na kidogo, gawa kwa 2.54 hazifiki inchi 6.5. Ndani ya setingi nako wameandika uongo ule ule, kwahiyo usiamini ukurasa wa "kuhusu simu", amini rula.

Watu wamesahau kwamba Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima na watu wakaamka wameshika vibamba visivyopiga. Kwahiyo ukifika dukani, ya 6.3 au yoyote utakayoamua, iwashe hapo hapo, piga *#06#, inatoka namba ya IMEI ya tarakimu 15, ndo utambulisho wa simu yenyewe, itume kwa meseji kwenda 15090 na usome jibu pamoja na muuzaji. Jibu linataja aina ya simu. Likitaja simu tofauti na uliyoshika mkononi, au muuzaji akianza kukuharakisha usitume, mrudishie simu yake kabla hela haijatoka.