Jeni au sukari: nani anamtuma mwenzake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tumebishana hadi tumenuniana. Yeye anashikilia kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni, basi. Mimi nilisoma kuwa ni ugonjwa wa umetaboli, yaani namna seli inavyotumia sukari, na kwamba Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua hilo. Tuamue.
*Mbishi*

JIBU: Marahaba, Mbishi. Kwanza nikunyang'anye silaha moja. Warburg, yule Mjerumani, alipata Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha upumuaji wa seli. Saratani haikuwa sababu ya tuzo.

Lakini alichokiona miaka ya 1920 ni kweli, nami nimekiona kwa macho yangu. Nilipokuwa msaidizi wa maabara, tulikuza seli za saratani ndani ya maji ya virutubisho yaliyotiwa rangi inayopima asidi. Jioni unaacha chupa nyekundu; asubuhi unaikuta ya njano. Usiku kucha seli zimekula glukosi na kumwaga asidi ya laktiki, ingawa oksijeni imejaa tele. Mara ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu, nikaificha chupa nyuma ya nyingine.

Ukipiga hesabu ya nishati, ni hasara tupu: glukosi moja ikiishia kwenye laktiki huipa seli ATP 2 (ATP ni chembe inayobeba nishati), wakati mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zingeikamua hadi kufika kama 30. Ila seli inayogawanyika haitafuti nishati peke yake. Inataka malighafi. Njiani, sehemu ya glukosi huchepushwa ikatengeneza DNA mpya na mafuta ya utando.

Warburg aliteleza kwenye chanzo. Aliamini mitokondria za seli hizo zimeharibika, kumbe katika saratani nyingi bado zinafanya kazi. Amri inatoka kwingine. Jeni ya MYC ikizidi nguvu, au RAS, nyingine inayoihimiza seli ikue, ikikwama kwenye hali ya kuwashwa, seli huongeza milango ya kupitishia glukosi pamoja na vimeng'enya vya kuivunja. TP53, jeni inayozuia seli isigawanyike ovyo, ikipotea, breki mojawapo imekatika. Hapo kaka yako anacheka.

Asicheke sana. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa wakisoma DNA ya glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo, walikuta badiliko kwenye jeni ya IDH1. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya cha kawaida kabisa cha umetaboli, cha ukurasa ule ambao wanafunzi huuruka. Kwa badiliko la sehemu moja tu, kimeng'enya hicho hujipatia kazi mpya: hutoa kwa wingi kitu kiitwacho 2-haidroksiglutareti. Kitu hiki kinafanana mno na kingine ambacho vimeng'enya vinavyofuta alama za kikemia juu ya DNA, zile zinazoweza kufunga jeni, hukihitaji. Basi hukaa pahali pake, wafutaji wakakwama, alama zikarundikana, na jeni ambazo zingeifanya seli ikomae zikafungwa. Herufi za jeni hizo hazikuguswa hata moja!

Umeona mzunguko? Jeni imeharibu umetaboli, umetaboli nao umerudi kuzishika jeni nyingine. Kwangu mimi huu ndio mfano unaomaliza ubishi wenu, kwa sababu haupo kwenye makaratasi tu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha ivosidenib, dawa inayoziba kimeng'enya hicho kilichopotoka, kwa wagonjwa wa leukemia kali ya mailoidi, aina ya saratani ya damu, wenye badiliko la IDH1. Kwa wanaoitikia, seli changa zilizokwama huanza kukomaa. Si wote wanaoitikia, na baadhi ya saratani hujifunza kuikwepa.

Zipo pia jeni za SDH na FH, ambazo hasara yake inaweza kurithiwa katika ukoo na kuleta uvimbe kwa njia inayokaribiana na hiyo. Siku nyingine.

Neno moja kuhusu sukari, maana nahisi ndiko unakoelekea. Usimwendee mgonjwa ukamwambia aache kula ili saratani ife njaa. Asipokula, ini lake litatengeneza glukosi lenyewe na kuimimina kwenye damu, na saratani nyingi zinajua kula glutamini pia, kirutubisho kingine kilichomo kwenye damu. Atakayekonda ni yeye.